Kushusha Injini Uani

Trekta la Massey Ferguson 135 halina chasisi. Lori ukilivua injini, fremu yake inabaki imekaa juu ya magurudumu. Trekta hili ukilivua injini linakatika vipande viwili. Ekseli ya mbele imefungwa kwenye injini, injini imefungwa kwenye nyumba ya klachi, giaboksi inafuata. Hata sampu, ambayo kwenye gari dogo ni bakuli la bati la kuwekea oili, hapa ni chuma kinene cha kusubu kinachobeba uzito. Kwa hiyo anayetaka kushusha injini ya trekta nyumbani ajue kwamba ataishi na mashine iliyokatika katikati ya uani, nusu moja ikielekea jikoni na nusu nyingine barabarani, mpaka kazi iishe. Kuku watalala juu yake. Watoto watachezea nati. Na kila mpita njia atakuwa na ushauri.

Uani ninaousema uko Kilwa. Si Kilwa ya masultani ya pwani ya Tanzania, ni ile ya ziwa Moero, katika territwari ya Pweto, mkoa wa Haut-Katanga nchini Kongo, karibu kilomita 350 kaskazini ya Lubumbashi. Ng'ambo ya maji ni Nchelenge, Zambia. Walio mbali wanaujua mji huu kwa mambo mawili: mgodi wa shaba na fedha wa Dikulushi, na mauaji ya Oktoba 2004, jeshi lilipoingia kuwafukuza waasi likaua watu zaidi ya 70. Wenyeji wanaujua kwa samaki, mihogo na mahindi. Wakala wa matrekta hayuko, na duka la spea za Massey halipo. Likiharibika trekta, ama unalitengeneza mwenyewe, ama linageuka kiti cha wazee chini ya mti.

Trekta lenyewe ni la shemeji yangu, aliyelinunua likiwa limeshazeeka. Lilikuwa haliwaki asubuhi mpaka lisukumwe, na likiwaka linatoa moshi hadi jirani anafunga dirisha. Kijana anayeliendesha alimwendea fundi mzee wa mtaani akamweleza kwa Kiswahili cha huku kwetu: "Papa, hii motere iko nakunywa mafuta." Mzee hakutaka kusikia habari ya mafuta. Aliuliza jambo moja tu: "Moshi iko rangi gani?"

Dizeli husema kwa moshi. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa: filta ya hewa imeziba, au nozeli zinamwaga badala ya kupuliza. Mweupe ni mazutu, yaani mafuta ya dizeli, yanayotoka bila kuungua, au maji yanayopenya kutoka kwenye mfumo wa kupoza. Wa bluu ni oili ya injini inayoungua ndani ya silinda, ikipanda kupitia ringi zilizochoka au ikishuka kupitia gaidi za valvu. Wa shemeji ulikuwa wa bluu, tena mzito. Mzee alifungua kifuniko cha kumiminia oili injini ikiwa inanguruma. Upepo ulitoka kwa mapigo, wa moto, wenye harufu ya mafuta yaliyoungua. Mafundi huiita hali hiyo injini inapumua. Presha ya mwako, ambayo kazi yake ni kusukuma pistoni, ilikuwa inatoroka pembeni na kuteremkia kwenye sampu. Hapo hapakuwa na dawa ya chupa ya kumiminia. Ilikuwa ni kushusha.

Kabla ya spana ya kwanza, mtu na ajue anachokifungua. Injini ya trekta hili inaitwa AD3.152. Tatu ni idadi ya silinda. 152 ni ujazo wake kwa inchi za ujazo, yaani lita mbili na nusu. Kila silinda ina upana wa milimita 91.4, na pistoni husafiri milimita 127 kutoka juu hadi chini. Nguvu yake ni kama farasi 45, na siku hizi kuna pikipiki zinazoipita kwa namba hiyo, ila pikipiki haiwezi kukokota plau ndani ya udongo mzito kutwa nzima. Injini ilibuniwa na Perkins wa Peterborough, Uingereza, kampuni iliyoanzishwa na Frank Perkins mwaka 1932 kwa ajili ya dizeli ndogo zenye mwendo wa haraka. Massey Ferguson waliinunua Perkins mwaka 1959. Trekta la 135 likaanza kutoka viwandani mwishoni mwa 1964, Coventry kule Uingereza, na baadaye Beauvais kule Ufaransa.

Mtu anaweza kudhani mashine ya umri huo haina tena vipuri. Kumbe ndiyo yenye vipuri vingi. Pakistan, kampuni ya Millat ya Lahore imeendelea kuunda trekta la MF 240 kwa injini hiyohiyo ya silinda tatu. India, ukoo wake umeendelea chini ya jina la Simpson. Yugoslavia ya zamani nayo iliitengeneza kwa leseni. Ndiyo maana Massey kuukuu bado zinalima Kitale na Eldoret kule Kenya, na ndiyo maana seti ya pistoni, ringi na laina inapatikana Lubumbashi, wakati vipuri vya trekta jipya lenye kompyuta huagizwa kwa ndege, kama yupo wa kuagiza. Mkulima akiniuliza anunue trekta gani kwa mji kama Kilwa, namwambia asitazame mwaka wa kuundwa. Aulize pistoni zake zinauzwa wapi.

Wenye mipango mikubwa hawaulizi swali hilo. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga Tanganyika, kuanzia Kongwa, wakipanga kufyeka ekari zaidi ya milioni tatu kwa mashine. Matrekta na mabuldoza yalinunuliwa kwa wingi, mengine yakitoka kwenye mabaki ya vita. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa mashine za kufyekea. Mwaka haujaisha, theluthi mbili ya matrekta yalikuwa yamelala. Udongo wa Kongwa ulisaga chuma, madereva hawakupewa muda wa kujifunza, na karakana zilikuja nyuma ya mashine badala ya kuzitangulia. Mradi ulifutwa 1951 na pauni milioni 36 za walipa kodi zikaandikwa hasara. Huku kwetu nako hatukujifunza. Katanga ya gavana Moïse Katumbi ilizitaka kampuni za migodi zilime hekta 500 kila moja. Serikali ya Kinshasa ikazindua shamba kubwa la Bukanga Lonzo mwaka 2014, na kufika 2017 lilikuwa limesimama. Kila mara picha ya gazetini ni mstari wa matrekta mapya yanayong'aa. Sijawahi kuona picha ya mstari wa mafundi. Na Katanga inahitaji kulima kweli: Zambia ikifunga mpaka wa mahindi, bei ya mfuko wa unga hupanda Lubumbashi papo hapo, na bukari, ugali wetu, hupungua sahanini.

Turudi uani.

Kwanza maji ya rejeta yanamwagwa, kisha oili. Oili ikimwagika, itazamwe na kushikwa vidoleni kabla ya kutupwa: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, ikiwa na chembe zinazometa kama magamba ya samaki, beringi zinaliwa. Boneti inatoka, rejeta inatoka, mabomba ya mazutu yanatolewa na kila mdomo unazibwa kwa kitambaa safi. Kisha kinakuja kitu ambacho wengi hukiruka kwa haraka. Ekseli ya mbele ya Massey inacheza juu ya pini moja katikati, ili magurudumu yafuate mabonde ya shamba. Trekta likiwa zima, uchezaji huo ni neema. Likikatika, nusu ya mbele inaweza kupinduka ubavu na kumwangukia mtu. Vipande viwili vya mbao ngumu vinachongwa kabari na kugongwa baina ya ekseli na kiti chake, kulia na kushoto, ndipo boliti zinalegezwa. Nyuma, giaboksi inakaa juu ya kigogo, si juu ya jeki. Jeki hushuka polepole usiku bila kumwambia mtu.

Habari ya kuning'iniza injini kwenye tawi la mwembe niseme wazi: siipendi. Injini hii ina uzito wa zaidi ya kilo 200, na tawi lililobeba maembe miaka yote halijawahi kupimwa kwa mnyororo. Tulisimamisha miti mitatu minene ya muombo, vichwa vikafungwa pamoja kwa waya wa chuma, miguu ikachimbiwa, na mnyororo wa kunyanyulia ukaning'inia katikati. Ilichukua asubuhi nzima. Wapita njia walicheka, na injini ilishuka juu ya meza ya mbao kama mtoto anavyolazwa.

Kufungua ni kazi ya mpangilio kuliko nguvu. Nati za silinda hedi hulegezwa kidogokidogo kutoka pembeni kuelekea katikati, maana ukifungua upande mmoja wote hedi hupinda. Fimbo za kusukumia valvu, mbili kwa kila silinda, huchomekwa kwenye katoni iliyotobolewa matundu sita na kuandikwa namba, ili kila moja irudi ilikozoea kusuguana. Vikombe vya beringi za konrodi vina namba zake, navyo havibadilishwi wala kugeuzwa. Nani atakumbuka kilichokaa wapi baada ya wiki tatu na mvua mbili? Kalamu na katoni ni zana kama spana.

Sasa tunafika mahali ambapo injini nyingi za Kilwa na Kasenga huuawa mara ya pili. Hedi ikishatoka na pistoni zikishasukumwa juu, mwenye trekta huona ringi zimechoka, anatuma mtu Lubumbashi kununua ringi mpya, anazivisha kwenye pistoni zilezile ndani ya laina zilezile, anafunga. Injini inawaka vizuri, anafurahi, anaalika watu. Msimu haujaisha, moshi wa bluu umerudi. Atalaumu ringi za bandia, na bandia zipo kweli sokoni, ila mara nyingi kosa halikuwa la ringi. Hakupima.

Silinda haichakai sawasawa. Huliwa zaidi juu, mahali ringi ya kwanza inapogeuza safari, kwa sababu pale joto na presha ni kubwa na oili ni haba. Chini kabisa, ringi zisikofika, laina hubaki karibu na upana wake wa kiwandani. Baina ya sehemu iliyoliwa na ukingo wa juu usioguswa hujengeka ngazi, na ukucha wa kidole gumba huihisi. Ukucha unakuambia kwamba imeliwa. Imeliwa kiasi gani, hiyo ni kazi ya chombo. Fundi wa mjini ana geji ya saa ya kupimia ndani ya silinda. Sisi hatukuwa nayo. Tulikuwa na ringi moja mpya na filagaji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi ambavyo kila fundi wa pikipiki anavyo.

Njia yenyewe ni hii. Ringi mpya inaingizwa peke yake ndani ya silinda, inasukumwa kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kwanza mpaka chini mahali pasipoliwa. Unapima mwanya baina ya ncha zake mbili. Tuseme ni 0.40 ya milimita. Kisha unaivuta juu, chini kidogo ya ile ngazi, unapima tena. Tuseme sasa ni 1.00. Mwanya umeongezeka kwa 0.60. Mzingo wa duara ni kipenyo mara 3.14, hivyo ongezeko hilo ukiligawa kwa 3.14 unapata 0.19. Silinda imepanuka juu kwa karibu mbili ya kumi ya milimita, na hicho ndicho kiwango ambacho laina ya injini hii huhesabiwa kuwa imekwisha. Hesabu inafanywa kwa kijiti juu ya mchanga. Kijana dereva, ambaye aliniambia shule ilimshinda kwenye hesabu, ndiye aliyeigawa.

Silinda ya kwanza na ya pili zilikuwa zimepita mpaka. Ya tatu ilikuwa na nafuu. Mwenye trekta akataka kubadili mbili tu. Papa, yule fundi mzee, akakataa, akasema injini si kiatu cha kushona upande mmoja, na hapo mabishano yakaisha.

Ila kupima kulitupa jambo jingine zito kuliko hesabu. Laina ikiwa imeliwa sana juu, na ringi ya kwanza imekonda kuliko za chini, mla chuma ameingia kwa njia ya hewa. Ikiwa beringi ndizo zenye mikwaruzo mingi, basi ameingia kwa njia ya oili. Yetu ilikuwa ya hewa. Tulipitisha kidole ndani ya bomba la kuingizia hewa kikatoka na vumbi jekundu, laini kama poda. Filta ya trekta hili ni ya kuoga oili: hewa hupigwa juu ya bakuli lenye oili, vumbi likanasa mle. Bakuli lilikuwa limejaa tope gumu lililokauka. Na mpira unaounganisha filta na injini ulikuwa umepasuka upande wa chini, usioonekana. Kuanzia Juni hadi Oktoba, mvua ikiwa mbali, barabara za huku hufunika majani ya kandokando kwa vumbi hilohilo. Injini ilikuwa inalivuta moja kwa moja. Kama tungebadili ringi na laina na kuuacha mpira ule, tungekuwa tumelipia vumbi chakula kipya.

Baada ya hapo kazi ikagawanyika: ya uani na ya mjini. Sina heshima na fundi anayejidai kufanya yote, wala na anayepeleka yote.

Hedi ilibaki uani. Tuliisafisha, tukaipaka mafuta ya taa, tukaifuta mpaka ikauka, kisha tukaipaka unga wa chaki. Kama kuna ufa baina ya valvu, mafuta yaliyojificha ndani yake hutoka taratibu na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Hapakuwa na mstari. Valvu zilisagwa kwenye viti vyake kwa dawa ya kusagia na kijiti chenye kikombe cha mpira, ukizungusha viganja kama anayepekecha moto, mpaka utepe wa kijivu usiokatika utokee pande zote. Kujaribu ni rahisi: hedi inapinduliwa, valvu zikiwa ndani na springi zake, mazutu yanamiminwa juu ya vichwa vya valvu, watu wanakwenda kula. Mkirudi mazutu yakiwa palepale, valvu zinaziba.

Krankshafti ilikwenda Lubumbashi. Mji ule una deni jema kwa historia yake: Union Minière ilianza 1906, ikageuka Gécamines baada ya kutaifishwa, na karakana za migodi na za reli, hapo mjini na Likasi, zililea vizazi vya mafundi wa kukereza chuma. Wengi wao walipokosa mishahara walifungua vibanda vyao, na leo unaweza kukuta mashine ya kuchongea krankshafti nyuma ya ukuta usio na kibao chochote. Mkono wa mtu aliyezoea kupima kwa sehemu ya mia ya milimita hausahau.

Shingo za krankshafti zikiwa zimeliwa zikapoteza uduara, huchongwa kwa hatua: 0.25 ya milimita, 0.50, 0.75. Beringi mpya, ambazo mafundi wetu huziita kusine, hununuliwa kwa kipimo hichohicho. Hapa kuna utaratibu wa kushika: kuchonga kwanza, kununua baadaye. Muuzaji mmoja alimhimiza shemeji achukue kabisa za 0.25 kwa bei nzuri kabla krankshafti haijaguswa. Mashine ilipomaliza, shingo moja ilikuwa imelazimika kufika 0.50, na duka halirudishi pesa. Jambo la pili ni la kumwagiza fundi kwa mdomo, hata kama ana mvi: pembe baina ya shingo na ukuta wake ziachwe zikiwa na mviringo kama za kiwandani. Pembe ikichongwa kali kama ya sanduku, ufa huanzia hapo, na krankshafti hukatika siku trekta liko katikati ya mtaro.

Bloku nayo ilisafiri. Laina za injini hii ni kavu, hazigusi maji. Zipo za kubanwa kwa presi, ambazo hutobolewa na kukwanguliwa zikiwa ndani ya bloku, na zipo zinazokuja zimekamilika. Za namna ya kwanza si za kugongwa kwa nyundo na kipande cha ubao, ingawa nimeona ikifanyika. Pampu ya mazutu na nozeli hazikufunguliwa hata kidogo. Pampu hiyo ya CAV ya kuzunguka haina oili yake; inalainishwa na mazutu yanayopita ndani yake, na vyuma vyake vinakaribiana kiasi kwamba unywele ni mnene mno kupita. Anayeifungua juu ya meza ya jikoni anaiua. Ilipelekwa kwa wenye benchi ya kuipimia.

Barabara ya kurudi ndiyo iliyonitia hofu kuliko mashine zote. Krankshafti iliyochongwa ilipakwa grisi, ikafungwa kwa nguo, ikalazwa kwenye sanduku lenye maranda, na mtu akakaa juu ya sanduku njia nzima akiikinga na magunia ya wengine.

Kufunga kuna haraka yake ya moyo, na ndiyo ya kuizuia. Kila kitu huoshwa upya hata kama kilioshwa mjini, maana matundu ya oili ya krankshafti hubaki na unga wa jiwe la kuchongea. Tulipitisha waya wenye kitambaa, kisha mazutu safi, kisha pumzi ya pampu ya baiskeli. Oili inapakwa kila mahali chuma kitakapogusana na chuma. Mianya ya ringi haipangwi mstari mmoja. Husambazwa kuzunguka pistoni. Nyuma ya krankshafti, injini za zamani za aina hii huzuia oili kwa kamba maalumu iliyolazwa kwenye mfereji wa vipande viwili. Kamba hiyo hupondwa ndani kwa chuma cha mviringo, ncha zake zikiachwa zimechomoza kidogo sana, chini ya nusu milimita, ili vipande vikikutana zibanane. Ukizikata sawasawa kwa kupenda unadhifu, oili itavujia kwenye klachi na trekta litalazimika kukatwa tena. Nati za hedi hukazwa kwa spana ya kupimia nguvu, kwa awamu, kutoka katikati kwenda pembeni, kwa kipimo cha kitabu. Spana hiyo tuliazima. Kama haipatikani, heri kungoja wiki kuliko kukaza kwa kubahatisha.

Kuwasha pia kuna hatari zake. Kwanza injini ilizungushwa kwa stata, waya wa kuzimia ukiwa umevutwa ili isiwake, mpaka sindano ya presha ya oili iliponyanyuka. Kisha kutoa upepo: skrubu za filta, skrubu za pampu, mwisho nati za mabomba ya nozeli, kila moja ikifungwa povu likiisha na mazutu yakitoka mazima. Mkono haukaribii mdomo wa nozeli inayopuliza, kwa kuwa presha ile hupenya ngozi na kuingiza mazutu mwilini. Kijana mmoja alisimamishwa na kipande cha mbao kando ya mdomo wa hewa. Dizeli ikipata oili ya kuungua kwa njia isiyo yake, yaweza kupanda mwendo wenyewe bila kusikia waya wa kuzimia. Hapo kinachoizima ni kuinyima hewa, na ubao unafanya hivyo vizuri kuliko kiganja.

Iliwaka. Ilitoa moshi mweupe kidogo, ukaisha. Wanawake waliokuwa wakimenya mihogo ng'ambo ya njia walipiga vigelegele, na shemeji akataka kuiacha ingurume polepole mchana kutwa ili izoee. Hiyo ni desturi ya wengi, na si nzuri. Ringi mpya hukaa kwenye laina kwa kusukumwa na presha ya mwako, na presha huja na mzigo. Injini inayonguruma bure huzipaka laina utandu laini unaong'aa, ringi zikashindwa kuziba, na moshi wa bluu ukarudi kwa mlango mwingine. Baada ya kupata moto vizuri na nati za hedi kupimwa tena, na nafasi za valvu kuwekwa, 0.30 ya milimita injini ikiwa baridi, trekta lilifungiwa trela na kupelekwa kubeba mchanga wa wafyatua matofali.

Uangalizi wa mafuta na hewa haukungoja. Mazutu ya Kilwa huja kwa pipa na bidoni, yakiwa yamepita mikono mingi, na maji huingia humo kwa urahisi. Pipa la shemeji sasa linasimama kwenye kivuli likiwa limeinama kidogo, bila kuguswa kwa siku kadhaa baada ya kujazwa. Mafuta huvutwa kwa mpira usiofika chini, na yale ya mwisho hayaingii kwenye trekta. Huwashiwa moto wa takataka. Bakuli la filta ya hewa huoshwa kila siku ya kazi ya vumbi, na kijana dereva ana ruhusa ya kukataa kuwasha kama hakuliosha, hata mwenye trekta akikasirika. Mpira uliopasuka umening'inizwa kwenye msumari ukutani, ili asiyeamini aupitishie kidole.

Majirani walikuja kuweka zamu ya kulimiwa mvua za Novemba zilipokaribia, wengine na fedha mkononi. Walipewa trela kwanza. Plau ya diski tatu ilifungwa baada ya oili ya mwanzo kumwagwa na filta kubadilishwa, tukaanza na mashamba ya mchanga karibu na ziwa, tukiyaacha ya udongo mzito kwa mwisho. Injini ilivuta bila kulalamika. Plau ndiyo iliyogoma: ilipanda nusu, ikatetemeka, ikashuka yenyewe. Haidroliki ya Ferguson ina magonjwa yake, na pampu yake imezamishwa ndani ya oili katikati ya trekta, nyuma ya pale tulipolikata. Hiyo ni kazi ya siku nyingine.